Nguzo Mbili za Barazani Kwetu

Juzi nilirudi Ibra, mji wetu huku Omani, na gari ilipofika kwenye kipilefti cha njia ya sokoni nikajikuta nimefumba macho. Mimi bado kijana, lakini mambo madogo hunikosesha usingizi. Hili si dogo, na wewe utanielewa.

Katikati ya kipilefti zimesimama nguzo mbili za mti wa msaji. Zamani zilibeba paa la baraza yetu. Babu alizichonga mwanzoni mwa miaka ya sabini, familia yetu ilipohamia kutoka Unguja. Alianza chini kwa samaki, akapanda na mawimbi, juu akamaliza kwa maua. Kila Ijumaa asubuhi, vitumbua vya bibi vikinukia, mimi nilizipaka mafuta ya ufuta kwa kitambaa nilichokizungushia kijiti, hadi ndani ya macho ya samaki.

"Bado hilo jicho," bibi akiniambia, nami nikirudia. Nadhani ugonjwa wangu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa ulianzia hapo.

Jirani akitucheka: "Nyie Wazanzibari! Nyumba ya udongo, nguzo zimevaa harusi!"

Kisha barabara mpya ikaipitia nyumba yetu. Mji ulitaka mapambo, baba akazitoa nguzo kwa furaha; alisema sasa watatuona wenyeji. Siku ya kwenda kuzitazama bibi alivaa buibui jipya. Tukakuta mafundi wamezisimamisha kichwa chini. Maua yamezikwa kwenye saruji, samaki wako angani.

"Mwanangu, waambie wazigeuze."

"Saruji ishakauka, mama."

"Waambie tu. Wajue."

"Wajue nini? Kwamba Wazanzibari wamepewa heshima, wakaanza kulalamika?"

"Baba yako kasimamishwa kwa kichwa," bibi akasema, "nawe unaogopa majirani."

Baba hakwenda kusema. Bibi naye, hadi alipofariki, alimwamrisha kila dereva azungukie njia ya bondeni.

Jana jirani yule alituita kahawa kwenye nyumba yake mpya. Barazani ameweka nguzo za saruji: samaki juu, maua chini.

"Tazameni, kama za kwenu!" akasema, mkono begani kwa baba.

Babu hayupo, bibi hayupo, vitumbua vile hapana tena avipikaye. Tunaojua kwamba samaki huanzia chini tumebaki wawili tu, mimi na baba, na mmoja wetu akasema, "Mashaallah."