Mfumo Hausomi "Ila"

Mume wangu anauza vipuri vya baiskeli, na hawezi kukwambia nyumba yako inaungua kabla hajakuuliza umeamkaje. Wateja wanamwita Bwana Hali. Mtu anakuja kununua mnyororo, anaulizwa mpaka habari za shangazi yake, anaondoka mnyororo kausahau. Nimesema mpaka nimechoka.

Siku ya tetemeko, jengo lenye duka lake liliporomoka, na mnara wa simu nao chini. Bahati nzuri watu wa uokoaji walishatuwekea sote kitu kwenye simu: mtandao ukifa, ujumbe unaruka simu hadi simu, jirani kwa jirani, mpaka ufike. Sharti uwe mfupi. Ukirefuka unakatwa.

Wake ulipoingia, niliufungua nimesimama mbele ya kifusi cha duka.

"Hujambo mama watoto? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila"

Basi, umekatwa hapo.

Dada wa uokoaji, kofia ngumu kichwani, akatazama kishikwambi chake. "Mumeo mzima. Mfumo umempaka kijani." Akaipungia katapila iende jengo la pili.

"Ameandika ila! Huioni hiyo ila?"

"Mfumo hausomi ila, mama. Unasoma mzima, salama, sijambo."

"Mungu wangu! Hapa nani hajibu sijambo? Mtu anakata roho anasema sijambo!"

Nikaona dawa ni kummalizia salamu zote kwa mkupuo. Nikaandika mgongo mzuri, watoto wazima, mama yako mzima, jirani mzima, sasa ila nini, uko wapi? Nao ukakatwa palepale kwenye neno jirani. Jibu likaja:

"Nimefurahi sana. Na paka?"

Nilimtukana mbele za watu, sioni haya kusema. Paka! Huku katapila inakata kona inaondoka. Nikakaa kwenye vumbi, nikaandika bila kufikiri:

"Mimi si mzima. Naogopa."

Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuijibu hujambo yake namna hiyo. Hata siku niliyomzika mama yangu, aliponiuliza hali nilisema nzuri tu.

Nikaikodolea macho simu. Nikadhani nimempoteza. Kisha ikalia.

"Hata mimi. Stoo. Maji kifuani."

Safari hii hakuna mzima wala sijambo: kishikwambi kikawaka chekundu. Yule dada akatimua mbio akipuliza filimbi, mimi nyuma yake kiatu kimoja. Katapila ikageuzwa. Walitoboa dari ya stoo iliyo chini ya duka, bomba la maji limepasuka humo, wakamvuta kwa kamba, kalowa chapachapa, mguu umevunjika.

Hakuna aliyemuuliza mwenzake hali. Nilimkamata shati kwa mikono miwili, na Bwana Hali akalia kwa sauti, mbele ya wateja wake wote.