Nusu Yangu ya Nywila

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufunguo mdogo kuliko wa kabati la vyombo. Kampuni iliuza spea za malori kwa jumla pale Gerezani, na duka la pili lilikuwa Kariakoo. Maduka yote mawili yalitegemea seva moja ya Unix, yaani kompyuta isiyolala, inayotunza hesabu ya stoo na mauzo. Ilikaa kwenye chumba chembamba nyuma ya stoo, kiyoyozi upande mmoja, mlango wa kioo upande wa pili.

"Eliaichi," aliniambia Meneja wa Mifumo, "ukiugeuza huu kushoto, kitufe cha kuzimia kinakufa ganzi. Hata abonyeze Mkurugenzi."

"Na akitaka nimfungulie?"

"Mwulize sababu."

"Akikasirika?"

"Mwulize tena, kwa adabu."

Ninyi mnaozima na kuwasha simu kila inapokwama mtaona ni ukali wa bure. Seva ikizimwa ghafla, mzigo unaweza kuwa umetoka stoo na mashine haina habari. Kubwa zaidi, mashine ya aina ile huwa uchi wakati wa kuwaka. Anayeikatiza hapo anaweza kuingia kama ruti, yaani mtumiaji mkuu asiyekatazwa jambo lolote, bila kuulizwa neno la siri. Kwa hiyo, juu ya ufunguo, tuliweka nywila ya kuwashia. Usipoitia, mashine haiendi popote. Na amri ya kuizima kwa kibodi aliachiwa mtu mmoja tu. Mtu huyo nilikuwa mimi, na sitaficha, nilinenepa.

Kisha akaja Zuwena. Kwao ni wafanyabiashara wa siku nyingi, wa asili ya Uarabuni, wakaazi wa Upanga. Mimi Mchaga wa Rombo. Alikuwa mwepesi wa mikono, na wiki haikuisha watunza stoo wakawa wanamwita yeye kwanza. Niliwasikia, na iliniuma.

Meneja akaniita. "Mkaguzi hataki yote yawe kwa mtu mmoja. Nampa Zuwena."

"Yote?"

"Yote. Wewe umeshika vya kutosha."

"Ukimpa yote, si bado ni mtu mmoja, meneja? Umebadilisha sura tu."

Akakuna kidevu. Nikaona amelegea, nikatangaza bei yangu papo hapo. Nilimweleza duka la baba yangu mdogo Kariakoo: wabia wawili, mlango mmoja, kufuli mbili, kila mmoja na ufunguo wake. Walifungua pamoja, wakafunga pamoja, na hawakuwahi kupendana. Duka lilidumu.

"Basi tuikate nywila," nikasema. "Mimi natia mwanzo, yeye anamalizia. Mmoja akibonyeza, mwenzake anageuka."

"Na mmoja wenu akiugua?"

"Nusu zote mbili ziwekwe kwenye sefu ya Mkurugenzi."

"Sawa. Ila nani aanze..."

"Mimi."

Alitaka kuninyang'anya yote, nikamshusha hadi nusu. Watunza stoo wakatupa jina: wake wenza. Nikiandika mimi, Zuwena alisimama mlangoni, uso kwenye kioo. Akiandika yeye, mimi niliingia kona ya kiyoyozi, nikakaza macho ukutani na masikio yakahesabu vidole vyake. Nane. Safari iliyofuata nikahesabu tena. Nane. Yangu ilikuwa saba. Ilinisumbua mpaka nikaomba tubadilishe nywila kwa usalama, nikaweka tisa.

Sefu haikufunguliwa hata siku moja, wala msidhani ni uaminifu. Kuna siku umeme ulikatika, betri za akiba zikaisha, malori yakapanga foleni nje. Zuwena alikuwa kwao na malaria. Alikuja na bajaji, amejifunika shali, akatia nusu yake, akaketi sakafuni.

"Ungelala, dada. Tungefungua sefu."

"Uwashe bila mimi, halafu unisimulie? Thubutu!"

Mimi nami likizo ya Rombo nilienda Krismasi tu, duka likiwa limefungwa. Mameneja walipita, mashine ikabadilishwa, nusu mbili zikabaki.

Siku yangu ya mwisho, ilibidi nusu yangu ifutwe, na mrithi wangu, binti aitwaye Neema, aweke yake. Nilipoingia, nilimkuta Zuwena amesimama kwenye kona ya kiyoyozi.

"Hapo kwangu."

"Palikuwa kwako."

Neema akakohoa. "Shikamoo, mama. Samahani, naomba ugeuke."

"Marahaba. Naijua, mwanangu. Sheria ni yangu."

Nikageukia mlango, kwa mara ya kwanza. Korido ilikuwa na giza, taa ya chumbani inawaka. Ndani ya kile kioo nikaviona vidole vya Neema, herufi baada ya herufi, kama nimesimama begani kwake.

Nilisubiri atoke.

"Zuwena, ulikuwa unaona?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Nusu yangu?"

"Zote. Hata ile uliyoirefusha ili unipite."

"Sasa mbona hukuwahi kuwasha peke yako?"

Alinitazama kama nimetaja bei ya kijinga. "Niwashe peke yangu, nani atanionea wivu?"

Nikamrudisha Neema aweke nusu nyingine. Kabla hajagusa kibodi, tulibandika gazeti kwenye kioo, Zuwena ameshika juu, mimi chini. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya pale.

Mkiniuliza nani apewe mamlaka ya kuwasha seva, sitawaambia mtafute mtu mwema. Tafuteni wawili wanaooneana wivu, kisha mkague kioo cha mlango.

Siku hizi umeme ukikatika nakaa nyumbani, nasikia majenereta ya Kariakoo yakianza kunguruma moja moja, nami nakadiria betri zao zitaisha saa ngapi. Kisha simu inaita. Zuwena hata hasalimii.

"Tumewasha," anasema. "Bila wewe. Ngoja nikusimulie."

Nami nasikiliza mpaka mwisho, meno nimeyauma.