Mabano ya Poliksene

Miaka kumi na tisa mizani ya kinu cha zeituni pale Kalamata, Ugiriki, ilifuata programu aliyoiandika Stamatia Vlahou. Kompyuta ilikuwa ikimtolea maonyo saba, na yeye aliyajua moja moja kama majirani zake: hili lina kelele tu, lile halina madhara. Kisha akaletwa Poliksene kuandika programu mpya, binti wa miaka ishirini na sita, kicheko hakimtoki mdomoni.

“Bi Stamatia, maonyo saba! Yangu haina hata moja. Safi kama sahani!”

“Hata sahani isiyopakuliwa ni safi, binti.”

Bwana Zisis, mkuu wa kinu, akacheka, kisha akaamua: Jumatatu msimu ukianza, mizani itatumia programu ya Poliksene, naye ataisimamia. Stamatia akahisi kama amemeza kaa la moto.

Wenzake walipokwenda kunywa kahawa, akaifungua kazi ya yule binti akitafuta doa. Akalipata. Pale programu ilipotakiwa kuuliza kama uzito ni sifuri, Poliksene ameandika alama moja ya sawasawa (=). Mbili huuliza; moja huamuru. Kila gunia lingefanywa sifuri! Kompyuta ilikuwa imeonya, lakini mtoto wa watu kaizungushia hesabu hiyo mabano ya pili, nayo ikanyamaza ikidhani amekusudia.

Nyamaza, Stamatia. Aaibike Jumatatu mbele ya wakulima. Wazo hilo lilikuwa tamu, akalitafuna kitambo. Lakini wakulima wale walikuwa wakimwamini yeye, na mizani ile haijawahi kumdhulumu mtu.

Poliksene aliporudi akamwita. “Wewe, hebu nisomee hapa kwa sauti.”

Binti akasoma, akashika mdomo. “Mama wa Mungu! Niliweka mabano ili onyo liondoke.”

“Onyo si nzi, la kupungiwa mkono!”

Poliksene akamkumbatia, akambusu mashavu yote mawili. Bwana Zisis, aliyekuwa amerudi na wenzake kutoka kwenye kahawa, akasema, “Mnaona anavyoshika haraka? Bi Stamatia, utamfundisha. Usimamizi unabaki kwake.”

Stamatia akamgeukia binti. “Juu ya mstari huo andika: umesahihishwa na Stamatia Vlahou. Tia na tarehe.”

“Lakini kompyuta haisomi maelezo kama hayo, mama.”

“Nani kakwambia naiandikia kompyuta? Andika.”

Akasimama nyuma yake mpaka herufi ya mwisho.