Mama Mkwe Kwenye Tishari

Watu wa kwetu Nunguni hawakuniamini nilipowaambia kwamba nimepata kazi ya boti. Boti gani, wakaniuliza, na Ukambani ni mawe na mchanga mtupu? Mjomba wangu alicheka hadi akakohoa, akasema labda nimeajiriwa kuendesha ndoo. Nilikasirika, maana mimi ni mwepesi wa hasira, lakini kusema kweli hata mwenyewe sikuelewa vizuri nimeajiriwa kufanya nini. Nilijua tu kwamba mto Tana ulikuwa umezibwa kwa ukuta, kwamba maji yalikuwa yakijaa upande wa Kitui, na kwamba walitafutwa vijana wenye nguvu. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Boti yenyewe ilikuwa fupi na nene, pua yake bapa. Mbele yake tulilifunga tishari kwa nyaya za chuma. Tishari ni chombo kipana kisicho na injini, sakafu tupu ya chuma inayoelea, na juu yake tulipakia mawe, mbao na mapipa ya mafuta ya kupeleka ng'ambo. Sasa, jambo lililonichanganya tangu siku ya kwanza ni kwamba boti ile haikuvuta mzigo, iliusukuma. Kwetu ng'ombe hutangulia na mkokoteni hufuata. Hapa mkokoteni ulikuwa mbele na ng'ombe nyuma, na kila mtu aliona ni sawa.

Kapteni alikuwa mtu wa ziwani, huko upande wa Kisumu, mtu mzima mwenye kitambi na sauti ya mhubiri. Alisimama nyuma kabisa kwenye usukani, na kwa sababu ya mzigo hakuona kilichokuwa mbele. Kwa hiyo ilibidi mtu asimame mwisho wa tishari akiwa na upondo, ule mti mrefu wa kupimia kina, apige kelele: kushoto, kulia, simama. Mtu huyo alikuwa mimi, tukipokezana na kijana mmoja wa Mbumbuni.

Kazi ingekuwa rahisi kama maji yangekuwa maji. Chini yake kulikuwa na miti ambayo haikukatwa, vichuguu, nyua za watu, hata mlingoti wa shule. Na hakuna kitu kilichotulia mahali pake. Kilima cha juzi leo ni kisiwa, kesho ni jiwe, kesho kutwa hakipo. Nikijifunza njia Jumatatu, Alhamisi imepotea. Mimi ni mtu wa milimani. Kwetu miguu ndiyo hukuambia umefika wapi, kwa kuchoka. Juu ya maji miguu haisemi kitu, na jioni nilikuwa nikishuka ardhi inayumba, kichwa kinauliza nimetoka wapi.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichokuwa kikinila ni mke wangu.

Mke wangu alikuwa binti wa tambarare hizo hizo zilizokuwa zikizama. Nilipokaa kazini msimu mzima bila kufika nyumbani, aliondoka kwa mama yangu na mtoto wetu mgongoni, akarudi kwao. Habari niliyoletewa ilikuwa maneno mawili tu: amerudi kwao. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Amekasirika? Amechoka na mama yangu, ambaye kusema ukweli anachosha? Amenikataa? Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake aliishi peke yake kwenye mwinuko mdogo karibu na mto. Kutoka kwenye tishari nilikuwa nikiuona moshi wa jiko lao kila siku. Ningeweza kutupa jiwe likafika nusu ya njia.

Mtu asiye Mkamba atauliza: si ungeenda tu? Hapana. Mwanamume hasimami mbele ya mama mkwe wake. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, sisi huiita nthoni. Wahubiri walikuwa wameikemea miaka na miaka, na washirika wakaitikia amina, kisha wakitoka kanisani wakaingia kichakani kama kawaida. Hata siku ya harusi yangu mama yule alikaa na leso imeshushwa mpaka kidevuni. Sura yake sikuwa nimeiona. Ukitaka kumrudisha mke, unatuma wazee. Nami wazee wangu wa Nunguni walisema watakuja mvua ikiisha, na mvua ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Basi nikawa nasukuma mawe huku nikiangalia moshi. Nilikuwa na hamu na mke wangu mpaka chakula kikakosa ladha. Asubuhi niliamua kwenda, mchana nikaamua kungoja, jioni sikujua niliamua lipi.

Mvua ile ilikuwa kubwa. Siku moja maji yalipanda ghafla, ule mwinuko ukazungukwa pande zote. Mke wangu alikuwa ametoka jana yake kumpeleka mtoto zahanati, njia ikiwa bado ipo. Aliporudi njia haikuwepo. Alibaki ng'ambo, na mama yake akabaki kisiwani peke yake. Msimamizi wetu akaagiza boti iende kumchukua mama huyo. Kijana wa Mbumbuni alikuwa kitandani na malaria.

"Kapteni," nikasema, "mimi huko siwezi kwenda."

"Kwa nini? Iko mamba?"

"Iko mama mkwe."

"Mama mkwe anauma?"

Nilijaribu kumweleza. Alisikiliza vizuri, maana alikuwa mtu mzuri, kisha akawasha injini. "Hata sisi tunaheshimu mama mkwe sana," akasema. "Lakini hatuwachi azame."

Tulipofika niliteremsha ubao wa kupandia huku shingo nimeigeuza upande mwingine. Nikasikia nyayo, nikasikia mbuzi. Kapteni alimpa mama mkono, akapanda na kiondo chake, kikapu cha katani alichosuka mwenyewe, na beberu mmoja wa madoadoa. Nilidhani atakaa nyuma karibu na boti, nami nikae mbele, tuwe mbali kadiri inavyowezekana. Lakini mama aliiogopa injini. Aliikimbia moja kwa moja mpaka mwisho wa tishari, mahali pangu pa kusimama. Mimi nikakimbilia nyuma.

"We! Rudi mbele!" kapteni akanguruma. "Unataka nione na nini? Na kitambi?"

Nikarudi. Nikasimama katikati. Nikarudi nyuma tena. Kwenye njia za Ukambani kuna kichaka. Kwenye tishari hakuna kichaka. Nilikuwa nimeajiriwa kuangalia mbele na nimezaliwa kutoangalia huko, na sikujua nimtii nani.

Mama ndiye aliyetatua. Alijifunika leso kichwa kizima akiacha upenyo wa macho tu, akageuka akakaa juu ya kiondo chake akiangalia nyuma, kule nyumbani kwake kulikokuwa kukizama. Mimi nikapita pembeni, nikasimama nikiangalia mbele. Tukawa tumepeana migongo, mbuzi katikati yetu. Nikashika upondo, tukaondoka.

Baada ya muda akasema kwa Kikamba, "Mbuzi wangu, kuna watu wanapita mashambani kwa watu na njia hawaijui."

Nilielewa. Mtu hawezi kuzungumza na mama mkwe, lakini hakuna aliyewahi kukataza kuzungumza na mbuzi. "Mbuzi," nikasema, "njia ilikuwa wapi?"

"Mbuzi, mwambie hapa tulikuwa tunapanda pojo, hakuna ubaya. Aende tu."

Tukaenda. Nilikuwa na swali moja tu la kumuuliza mbuzi yule. Mke wangu ananitaka au hanitaki? Nililizungusha mdomoni kama punje ya mahindi mabichi. Mwishowe nikasema, "Mbuzi, watu wa kwenu hawajambo?"

"Wapo," mbuzi akajibiwa. Basi, hilo tu. Wapo! Ningefanya nini na wapo? Nilikuwa bado nalitafuna neno hilo aliposema tena, upesi upesi, "Mbuzi, mwambie huyo kuna mkuyu wa marehemu mume wangu hapo mbele, ulikatwa nusu!"

"Mbuzi, uko upande gani?"

"Kushoto!"

"Kulia, kapteni!" nikapiga kelele. "Kulia kabisa!"

Nani angekumbuka kwamba mtu aliyekupa mgongo, kushoto kwake ni kulia kwako? Tulikuwa tumeshikilia heshima sana, tukasahau. Tishari liliupanda ule mkuyu kwa kishindo, upande mmoja ukainuka. Kiondo kikaenda, mbuzi akaenda, nikasikia mama anateleza kwenye chuma chenye maji. Nilitupa upondo, nikashika nguzo ya kufungia kamba kwa mkono mmoja, mwingine nikaupeleka nyuma bila kugeuka. Ukakutana na mkono wake, nikaukamata.

Na macho nikayafumba. Najua ni ujinga. Wala sikuamua, yalijifumba yenyewe.

Kapteni alitukana kwa lugha ya kwao, akarudisha injini nyuma, chuma kikalia, tishari likashuka. Lakini lilikuwa limeinama, sakafu inateleza, sikuweza kumwachilia. Tulibaki hivyo, nimeshika mkono wa mama mkwe wangu, kitu ambacho sikuwahi kusikia mwanamume yeyote wa kwetu amekifanya. Mbuzi nilimsikia akiogelea mbali huko, akilia. Hatukuwa tena na wa kuzungumza naye.

Mama akakohoa. Kisha akasema, na safari hii hakukuwa na mwingine wa kuambiwa isipokuwa mimi:

"Unaniumiza kidole."

"Nisamehe, mama," nikasema, nikalegeza.

"Mke wako husimama kwenye jiwe kila jioni akiangalia hii boti yenu. Anasema utakuja. Mimi nilimwambia hawezi, nthoni hairuhusu. Sasa analia, hataki kula." Akavuta pumzi. "Kwa nini hukuja? Ungekuja mimi ningetoka niende kuteka maji. Ningekaa huko mtoni hata mchana kutwa. Mtu atakosaje maji ya kuteka?"

Mimi nilikuwa nikiangalia moshi, na mke wangu alikuwa akiangalia boti. Machozi yalinitoka na macho yamefumbwa vile vile.

"Nani anaangalia mbele?" kapteni akauliza kutoka nyuma.

Hakuna aliyekuwa akiangalia mbele. Nikasikia mama anageuka. Leso ilikuwa imekwenda na maji, na nadhani aliona kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa Kiswahili chake chote, ambacho hakikuwa kingi, akaanza kumwamrisha kapteni: "Enda hii! Hapana hii! Hii! Polepole, wewe mutu ya injini!" Naye kapteni, aliyekuwa hamtii hata msimamizi, akawa anaitikia, "Sawa, mama. Sawa, mama."

Mbuzi alitutangulia kufika; haya nilisimuliwa baadaye. Mke wangu alikuwa ufukweni na mtoto mgongoni, akamwona beberu wa mama yake akitoka majini peke yake, amelowa. Akapiga mayowe kwamba mama amekufa. Watu wakakusanyika. Ndipo tishari likatokea, na mbele yake mama amesimama kichwa wazi, akitoa amri, ameshikwa mkono na mwanamume aliyefumba macho. Mke wangu aliacha mayowe. Kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, sijui lipi lilitangulia.

Nilisikia mkono unaponyoka kutoka kwangu, nyayo kwenye ubao. Nikangoja. Halafu sauti ya mke wangu, karibu kabisa: "Fumbua macho, mama ameshapita." Nikafumbua, nikamwona.

Tulirudi pamoja. Wazee walipopata habari, mvua ikawa si kizuizi tena, wakaja mbio. Walidai mbuzi wa kuirudisha nthoni mahali pake, nikatoa, akaliwa, mambo yakaisha. Mimi na mama mkwe tukarudi vichakani. Alijengewa juu zaidi, mbali na maji, na kila nilipofika kumtembelea niliambiwa ametoka kwenda kuteka maji. Nilikaa, nikanywa chai aliyoniachia, nikaondoka. Miaka yote hiyo hakunisemesha tena, nami sikumsemesha. Ila nilijua maji yale yalikuwa yanatekwa kwa ajili yangu, na nilimpenda mama yule kuliko watu wengi ninaowaona uso kwa uso.

Alifariki miaka ya tisini ikielekea mwisho. Kanisa lilijaa, na mchungaji akaomba watu wapite kumuaga. Mimi nilisimama nyuma kabisa, sijui la kufanya. Nthoni huisha mtu akifa, au huendelea? Wazee wawili niliowauliza walinipa majibu mawili. Mke wangu akaja, akanishika shati. "Pita," akasema. "Haendi kuteka maji leo."

Nikapita. Nikaangalia. Alikuwa mama mwembamba mwenye mashavu ya kubonyea na alama ndogo kwenye paji la uso. Sikumjua. Nilisimama pale nikihisi kwamba nimekosea jeneza, watu nyuma yangu wanangoja, na uso ule hauniambii lolote. Nilimnong'oneza mke wangu kwamba simjui huyu.

Hakunicheka. Aliinama, akainua kitambaa cheupe pembeni kidogo, akautoa mkono. Kidole gumba kigumu kwa kusokota katani, kidole cha kati kimepinda. Niliushika.

"Ndiye," nikasema.