Nilienda Kuhoji Nyanya, Nikahojiwa Mimi

Leo nimehurumiwa vibaya sana.

Mnajua nasomea masters ya sera za jamii ndio serikali iniajiri. Asubuhi nikatoka Kitengela, nikaenda huko ndani Kajiado kuuliza nyanya mmoja maswali kuhusu umaskini.

Nikaanza, nikimwita nyanya kwa Kimaasai: "Kokoo, uko na ng'ombe wangapi?"

"Kumi na wawili. Na wewe?"

"Sina."

"Shamba?"

"Sina."

"Kazi?"

"Bado nasoma."

"Na vile umekomaa hivyo?"

Akanishika mkono. Kisha akaita jirani: "Lete maziwa haraka! Serikali imetuletea maskini!"

Jamani, utafiti uliishia hapo. Nimerudi na lita tatu za maziwa, na Jumapili kanisa lao lote litaniombea kazi.

Nani mwingine hana kazi, nipeleke jina lake aombewe?