Kikohozi Nilichorudi Nacho Kutoka Shule

Mama alimzaa ndugu yangu wa mwisho akiwa amekwisha kugawa nguo zote za watoto. Baada yangu mimba tatu zilikuwa zimeharibika, na mimi sasa nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko Meru. Baba aliniandikia barua ya mistari mitatu: mtoto ni wa kiume, mama yako hajambo, mkifunga shule usipitie kwingine.

Nilifika kwetu, mtaa wa Kiwanjani, mwezi wa Agosti, nikikohoa. Muhula ule bweni zima lilikuwa linakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu tu, hakikunilaza hata siku moja. Netiboli nilicheza kama kawaida. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba, anamwogesha mtoto kwenye karai.

"Nawa mikono kwanza," akaniambia.

Nilinawa, naye akaniwekea mtoto mapajani. Alikuwa na siku kumi na mbili, masikio bado yamekunjamana, na alipokishika kidole changu hakukiachia. Tangu siku hiyo sikutaka mtu mwingine ambebe. Kikohozi kikinijia niligeuza uso pembeni, nikidhani inatosha.

Siku kumi hivi zikapita. Kwanza mtoto alipunguza kunyonya. Hakuwa na joto, hakukohoa, kwa hiyo hatukushtuka. Halafu asubuhi moja, akiwa kwenye titi, alinyamaza kabisa, midomo ikawa rangi ya wino. Mama akamtikisa. Mtoto akashusha pumzi, akarudi. Jirani yetu, mama mmoja Mborana, alikuwa amefika na maziwa na hata salaam aleikum yake haijaitikiwa. Akaweka kibuyu chini.

"Huyu si wa kungoja," alisema. "Beba mtoto, twende sasa hivi."

Tukaenda hospitali kwa miguu, sisi watatu, karibu mbio. Baba alikuwa kazini upande wa Kipsing, akitengeneza barabara.

Sista aliyetupokea alimsikiliza mtoto kifua, kisha akauliza, "Nyumbani kuna mtu anakohoa?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi. "Hakuna, sista. Sote wazima."

Hakunitazama. Nami nilikibana kikohozi kooni mpaka machozi yakanitoka, na yule sista, akidhani namlilia mtoto, akanipapasa bega.

Mtoto alikufa siku ya tatu, saa nne asubuhi. Baba alifika mchana na vumbi lake la barabarani, akapewa blanketi la mtoto lililokunjwa. Aliuliza tu, "Alikuwa ameanza kucheka?" Mama akasema bado.

Miaka ya themanini ilinikuta chuo cha uuguzi. Siku moja mwalimu wetu alichora ubaoni matone mawili ya damu, la mtu mzima na la mtoto mchanga.

"Msidhani mtoto hana chembe nyeupe za kumkinga," alisema. "Anazo, tena nyingi. Lakini zako wewe zimeishi. Zimekutana na maradhi, zikiyaona tena zinayatambua. Za mtoto hazijaona kitu. Zinachelewa kufika, na zikifika haziiti wenzao upesi. Kifaduro kinachokufanya wewe ununue peremende ya kikohozi, yeye kinamuua. Na wengine hawakohoi hata kidogo. Wanaacha tu kupumua."

Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje, nikasimama kando ya matangi ya maji mpaka kipindi kikaisha.

Likizo iliyofuata nilimkuta mama anachambua maharagwe. Nikakaa naye, nikamwambia yote bila kupumzika: ni mimi, mama, ni kile kikohozi changu.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Sista alivyouliza tu, nikajua. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mmoja nilikuwa namwona anakwenda, ningekupa na wewe mzigo huo uubebe?" Akatupa kijiwe. "Ila nimejiuliza, kama ningesema kweli, labda wangempa dawa nyingine. Hilo ni langu. Nimekaa nalo."

Nilimweleza kwamba kufikia siku ile dawa isingesaidia sana, kwamba chembe za mwili wa mtoto zilikuwa changa mno kwa vita hivyo. Nilitumia maneno yote niliyofundishwa. Alinisikiliza kwa heshima, jinsi anavyomsikiliza daktari. Kama aliamini, sijui.

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Na akiacha kupumua vile, alikuwa anaumia?"

Nilitaka kusema hapana.

"Sijui, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akainuka na ungo wake, akaenda kubandika maharagwe.