Njaa ya Bibi, Jina la Mjukuu

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana karibu na Kagongwa, nikiwa na kiburi kilichozidi elimu yangu. Watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, nami nilikadiria umri wao kwa majina. Aliyepewa jina la nzige au la njaa, niliwauliza wazee mwaka wa tukio hilo, nikajaza daftari, nikajiona mwanahistoria.

Binti mmoja, hodari kuliko wote, alichaguliwa kwenda shule ya bweni. Aliitwa Nyanzala, jina la mtoto wa njaa. Nikahesabu tangu njaa niliyoikumbuka mwenyewe utotoni, nikaandika kwamba amevuka umri unaoruhusiwa. Sikumwuliza mtu. Kesho yake fomu ingepelekwa Shinyanga, na nafasi yake ingepotea.

Asubuhi hiyo bibi yake aliingia darasani bila kubisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nasikia umemzeesha mke mwenzangu."

"Jina lake ni la njaa, bibi."

"Njaa yangu mimi! Nyanzala ndimi. Nilizaliwa watu wakila mizizi, Mjerumani hajafika huku. Huyu amerithi jina langu tu. Kama umri hufuata jina, niandike na mimi, tukae naye dawati moja!"

Darasa liliangua kicheko. Kwa sauti ndogo niliomba ushahidi.

Bibi akawageukia watoto. "Nyumbani tunamwitaje?"

"Shija!"

Nilishikwa na aibu. Msukuma gani asiyejua kwamba Shija ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha? Bibi akafungua pindo la khanga, akatoa kadi mbili za hospitali ya misheni, walikozaliwa Kulwa na Doto, kaka zake binti huyo. Kwa tarehe zile, hata wao walikuwa bado hawajavuka umri. Mdogo wao angewatanguliaje?

Majina yetu hutunza historia, nami naliamini hilo hadi leo. Lakini jina lina mwenyewe aliyelitoa, na msomi anayeona haya kumwuliza huandika uongo kwa mwandiko mzuri. Nilichana fomu mbele ya wanafunzi wangu, nikaandika nyingine.

Mwezi wa Januari tulimsindikiza binti stesheni ya Isaka. Bibi alipiga vigelegele hata treni ilipokwisha kupotea machoni, na abiria waliokuwa wakingoja treni nyingine wakaitikia, bila kujua wanamshangilia nani.